Nipe Nionje Kwanza

Kijiko kiligonga kikombe cha bati. Kikatulia. Kikagonga tena, taratibu, kama mtu anakoroga dawa na hataki kuwaamsha watoto.

Aikande alifumbua macho. Alikuwa amelala sakafuni, kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mwanawe, kama walivyolala akina mama wote wa wodi ile. Mvua ilikuwa imekatika juu ya mabati. Taa ya chemli iliyoning'inia mlangoni ilikuwa imepunguzwa utambi. Akawaza, ni nesi anagawa dawa. Halafu akawaza, lakini dawa hugawiwa jioni na alfajiri, katikati ya usiku hapagawiwi kitu, na saa hizi Nesi Kandida huwa wodi ya wakubwa, ng'ambo ya ua. Kwenye kitanda cha pili, upande wa dirishani, sauti ya chini iliuliza jambo, na Mwanahalima akajibu kutoka ndani kabisa ya usingizi, "Ndiyo, nesi." Basi labda leo wamebadilisha utaratibu, Aikande akawaza, na akiwa bado analiwaza hilo usingizi ukamchukua.

Asubuhi kulikuwa na sisimizi kwenye mto wa Selemani, mtoto wa Mwanahalima.

Hawakuwa wengi. Walijipanga mstari mwembamba kutoka dirishani, wakapanda mguu wa kitanda, wakapita juu ya blanketi, wakaishia kidevuni kwa mtoto. Mwanahalima aliwapangusa kwa pindo la kanga, na kidevu kilikuwa kinanata.

"Mwalimu," akamwita Aikande, "hebu njoo utusomee, hawa wameandika nini hapa?"

Alimwita mwalimu kwa utani, kwa kuwa Aikande alisoma mpaka darasa la kumi na bado akaishia kulala sakafuni pamoja na wao ambao shule waliipita njiani tu. Aikande akacheka. Hakuwa amecheka tangu alipofika pale.

Ilikuwa enzi ya Waingereza, masika ya mwaka ule barabara ya Dodoma ilipokatika na malori yakakwama huko huko. Lori la Philemoni, mume wa Aikande, lilikuwa mojawapo. Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, ndogo, juu ya mji, mahali mashamba ya kahawa yanapokwisha na msitu wa Mlima Meru unapoanza. Ukisimama barazani uliona mabati ya Kaloleni chini kabisa, na Aikande alisimama pale kila jioni akitafuta bati la chumba chake cha kupanga, ingawa alijua hakuna mtu ndani. Kwao ni Machame. Ukweni ni Kikwe. Yeye alikuwa hapo katikati, na mtoto wa miaka mitatu, na hakuna mtu hata mmoja wa kuzungumza naye Kimachame.

Penina alianza kwa kuchechemea. Baadaye mguu ukavimba chini ya goti, ukawa wa moto, na mtoto akawa analia mchana na usiku kilio kile kile kisicho na mapumziko. Daktari, Mzungu mwenye mikono baridi, aliubonyeza na kusema usaha umeingia ndani ya mfupa, sindano za penisilini zitaushikilia tu lakini hazitaumaliza, lazima mguu upasuliwe usaha utoke. Halafu akauliza baba yuko wapi.

Aikande alisema baba yuko safarini, na kwamba yeye mama ameridhia. Daktari alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyejitolea kubeba gunia. Akamwambia Nesi Kandida amweleze. Nesi akamweleza: kwa kisu, kanuni ya pale ilitaka neno la baba, au la mwanamume wa upande wa baba. Neno la mama halikutosha.

"Kanuni hiyo sikuitunga mimi," Kandida alisema, na hakumtazama usoni.

Basi aliletwa shemeji yake Manase kutoka Kikwe, akafika na koti lililolowa, akasimama kando ya kitanda akiuangalia ule mguu kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mama yao amekataa, kwamba mtoto wa kwao hakatwi na kisu cha mtu asiyemjua, na kwamba yeye atangoja palepale mpaka mtoto apate nguvu za kubebwa, kisha atamrudisha nyumbani. Aikande alijaribu kumweleza habari za mfupa. Manase alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, shemeji," akaenda kulala kwenye baraza ya jiko. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu alimsikiliza, na hakuna aliyemuuliza.

Isipokuwa Kandida, na yeye ni kwa dawa tu. Nesi huyo alikuwa na mtindo wake ambao manesi wengine hawakuwa nao. Akifika kitandani humpi jina la mtoto mpaka alitake. "Huyu ni nani?" Unamjibu. Anakwambia dawa ni ya nini. Kisha anadondosha kidogo kwenye kiganja chako. "Onja kwanza, mama, ujue unachomnywesha mwanao. Umeridhia?" Na kila mara aliongeza kwamba hata kijiko kikiwa kimeshafika mdomoni, mama akisema hapana, yeye atakirudisha. Akina mama walimcheka pembeni. Walisema huyu nesi ana maneno mengi kama mshenga. Wengi walijibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza, na wengine walijibu hata kama wamesinzia, kwa sababu kwa mtu aliyevaa nguo nyeupe jibu ni hilo moja.

Siku ile ya sisimizi, Selemani hakukohoa. Kifua kilichokuwa kikimkwaruza wiki nzima kilinyamaza. Alikaa kitandani ametulia, macho mang'avu, na mama yake akazunguka wodi nzima akimshukuru Mungu na kugawa maandazi aliyoletewa na dada yake. Aikande alikula andazi akimtazama Penina akilia. Alifurahi kwa ajili ya mwenzake, kweli alifurahi, na chini ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kingine kinachochoma.

Kwa hiyo usiku uliofuata, kijiko kilipogonga kikombe, hakushtuka. Alikuwa akikingoja.

Hatua hazikusikika. Ilikuja harufu kwanza, asali ya nyuki wa msituni, ile inayorinwa kwa moshi, na nyuma yake majani mabichi yaliyolowa. Kisha nguo nyeupe ikasimama kati yake na taa, hata uso usionekane. Pindo lilikuwa limelowa.

"Huyu ni nani?" iliuliza ile sauti.

Iliuliza kwa Kimachame. Sio kile cha watu wa sokoni, bali kile cha nyumbani kabisa, cha shangazi yake, cha jikoni. Miezi mingapi hakuzungumzishwa hivyo? Akajibu, Penina.

"Anaumwa sana. Nimpe dawa alale? Umeridhia, mama yake?"

Na Aikande, aliyekuwa na neno hili mdomoni siku zote na hakuna aliyelitaka, alisema ndiyo, alilisema kwa Kimachame, alilisema karibu kwa furaha. Kijiko kikapita juu yake. Penina akameza. Kilio kikakatika kama uzi, na wodi nzima ikawa kimya kiasi kwamba Aikande alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mapaa ya jikoni. Wakati akipitiwa na usingizi ndipo alipokumbuka kwamba kiganja chake ni kikavu. Hakuonjeshwa.

Asubuhi mguu ulikuwa umenywea. Kandida aliushika, akaurudisha kitandani polepole, akauliza ni nani aliyempa mtoto kitu. Aikande aliogopa kwamba akisema, ile dawa itazuiwa. Alisema hakuna. Akawapangusa sisimizi kabla nesi hajawaona.

Manase alipoletwa kuuona ule mguu alikaribia kucheka. Alisema unaona, shemeji, kisu cha nini? Akaenda kutafuta machela na watu wa kumsaidia kubeba, maana mto wa njiani ulikuwa umejaa na baiskeli isingepita. Alisema wataondoka kesho kutwa alfajiri.

Penina hakulia tena. Mwanzoni Aikande alimshukuru Mungu kama alivyofanya Mwanahalima. Halafu akaanza kuona. Mtoto hakulia njaa pia. Ukimpa uji aliuacha ukatoka pembeni mwa mdomo. Hakumfuata mama yake kwa macho. Aikande akimwita, aligeuka kwa adabu, kama mtoto wa jirani aliyeitwa na mtu asiyemfahamu, akatazama, kisha akarudi kutazama dirisha, upande wa msitu.

"Mguu unauma, mama?" Aikande alimuuliza.

"Hauumi."

"Mimi ni nani?"

Penina alifikiri. "Ile ya usiku tamu," alisema.

Kwenye kitanda cha pili Selemani naye alikuwa akitazama dirisha. Mwanahalima alimsemesha, alimtania, alimwimbia, na mtoto alitabasamu tu, tabasamu lile lile kwa mama yake, kwa nesi, kwa ukuta.

Usiku huo Aikande alijilazimisha kukesha. Aliketi mgongo ukiwa umeegemea ukuta, kanga kichwani, na bado, hakujua ilikuwaje, alijikuta anaisikia ile harufu ikiwa imeshafika. Haikuja kwake kwanza. Ilisimama kwa Mwanahalima. Na sauti ikauliza, na safari hii haikuwa Kimachame, ilikuwa Kiswahili cha Tanga, laini, cha mtu mzima aliyemlea mtu, "Mwanangu, hiki ndicho cha mwisho. Nimpe? Umeridhia?" Aikande alitaka kumwita mwenzake, alitaka kumtupia hata kandambili, lakini ulimi ulikuwa mzito kama ulimi wa mtu aliyekunywa kitu, na Mwanahalima, ambaye hakuwa amelala vizuri kwa wiki nzima mpaka mwanawe alipopata nafuu, na ambaye sasa alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyeshusha mzigo, akajibu bila kugeuza hata kichwa.

"Ndiyo, nesi."

Alfajiri Kandida alipopita na sindano, Selemani alikuwa ameshapoa. Alikuwa anatabasamu. Sisimizi walikuwa wameingia na kutoka mdomoni mwake usiku kucha, na mstari wao ulipita dirishani, ukashuka ukuta, ukaelekea msituni.

Walikuja ndugu zake kutoka Kaloleni wakambeba kwa ajili ya maziko. Mwanahalima hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, akilirudia kwa kila mtu aliyemshika mkono, kwamba mtoto alikuwa amepona, jamani, si mlimwona, alikuwa amepona.

Wodi ilipotulia, Aikande alimfuata Kandida kwenye chumba cha kuoshea vyombo, akafunga mlango, akayamwaga yote kwa mpigo mmoja, kijiko, harufu, Kimachame, yale maneno ya Tanga, na kwamba yeye mwenyewe alisema ndiyo, alisema ndiyo akiwa macho, na usiku wa jana kabla hakujapambazuka ile sauti ilimgeukia na kumwambia kwamba kesho ni zamu yake, kijiko cha mwisho, na sasa hiyo kesho ndiyo leo.

Kandida hakusema anaota. Hakusema hayo ni mambo ya kipagani, ingawa alivaa rozari shingoni. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Alikuonjesha?" aliuliza.

"Hapana."

"Hawezi kukuonjesha mpaka umuombe. Kwa nini unadhani nawasumbua kwa kuonja? Nataka mzoee kuomba, hata usingizini." Sauti yake ilikuwa chini mno. "Yupo hapa kabla ya jengo hili. Watu wa mlimani wanasema ni jini la kike, lilizaa likafiwa. Mimi sijui. Najua kitu kimoja, hachukui mtoto asiyepewa. Lazima aridhiwe, na lazima aridhiwe na mama. Neno la daktari halimfai kitu. La baba pia."

Aikande alicheka, kicheko kibaya, kikamtoka chenyewe. Pale pote palipokuwa na watu neno lake halikufaa, na huyu peke yake ndiye aliyelitaka.

"Sasa nifanye nini, nesi?"

"Lile nililowaambia siku zote. Hata kijiko kikiwa mdomoni. Ulitoa ndiyo, irudishe. Lakini uwe macho, umtaje mtoto kwa jina, ujitaje na wewe, na useme kwa kinywa chako." Akainuka kwenye ndoo. "Na ujue, mama Penina. Dawa yake ikirudi, maumivu nayo yanarudi. Yote, kwa pamoja. Utamsikia mwanao akilia na utakuwa wewe ndiye uliyesema alie."

Kandida alisema atakaa naye usiku huo. Alikusudia kweli. Lakini jioni walileta watu wawili walioangukiwa na mti kwenye shamba la kahawa, akaitwa wodi ya wakubwa, na alipotoka alisimama mlangoni akampa Aikande kidonge cha kwinini kilichofungwa kwenye kipande cha karatasi. Akamwambia akiweke chini ya ulimi taa itakapopunguzwa. Uchungu wake hautamwacha alale.

Uchungu haukumwacha. Ulijaza mdomo, ukashuka kooni, ukamtoa machozi, na Aikande alikaa kitandani safari hii, si sakafuni, amempakata Penina aliyekuwa mwepesi kama kapu tupu. Kitanda cha Selemani kilikuwa kimetandikwa shuka mpya. Wale akina mama wengine, huko mwisho wa wodi, walikuwa wamelala. Kwenye baraza ya jiko Manase alikuwa amekwisha kuiegemeza machela ukutani, tayari kwa alfajiri. Mvua ilianza, ikaacha, na ilipoacha ndipo kijiko kilipogonga kikombe.

Kiligonga dirishani, kisha kwenye kitanda kitupu, kisha kikawa karibu kabisa, na ile harufu ya asali na moshi ikaingia puani ikapigana na uchungu wa kwinini, na nguo nyeupe ikasimama mbele yake, na sasa kwa kuwa alikuwa ameketi na si kulala aliona kwamba pindo lile lililolowa lilikuwa limejaa mbegu za nyasi za msituni na kwamba nyuma yake, juu ya saruji, sisimizi walikuwa wakimfuata kwa mstari kama vifaranga wanavyomfuata mama yao, bila haraka, wakijua wanakokwenda.

"Huyu ni nani?" iliuliza kwa Kimachame.

Aikande alimkaza Penina kifuani.

"Umechoka, mtoto wetu," ilisema. "Umekaa peke yako mno. Hiki ndicho cha mwisho, baada yake hataumwa tena, wala wewe hutaumwa. Nimpe?"

"Nipe nionje kwanza."

Kijiko kilisimama. Kwa muda hakuna kilichosogea, hata mwali wa taa. Kisha mkono ukashuka taratibu na tone likaanguka kwenye kiganja chake, na Aikande akalipeleka mdomoni kabla woga haujamshika mkono.

Lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu kupita kitu chochote alichowahi kuonja, na utamu ule ulikwenda moja kwa moja mahali palipokuwa panamuuma, ule upweke wa barazani, lile bati la Kaloleni lisilo na mtu chini yake, ile barabara ya Dodoma, yule daktari na macho yake ya huruma, vyote vikalainika vikaondoka kimoja kimoja, na akaona ni raha iliyoje kutokuwa mke wa mtu wala mkwe wa mtu, na akatazama chini akaona kitoto kimelala mapajani mwake, kizuri, akajiuliza kwa utulivu kabisa ni cha nani, na angeendelea kujiuliza hivyo mpaka mwisho kama kipande cha kwinini kilichobaki chini ya ulimi hakingepasuka kati ya meno yake, kikamwaga uchungu wake wote kwa mara moja, uchungu wa wodi ile, wa kila alfajiri na kila jioni, uchungu ambao Penina aliutema na kuulilia na kuumeza huku ameshikwa pua, na pamoja na uchungu jina likarudi.

"Huyu ni Penina," alisema. "Mimi ni Aikande, mama yake. Nilisema ndiyo. Sasa siridhii."

"Hawakukuuliza," ilisema ile sauti, na haikuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa la kutisha zaidi, ilikuwa na huzuni. "Daktari hakukuuliza. Mumeo hakukuuliza. Shemeji yako amelala pale nje, hakukuuliza. Mimi ndiye niliyekuuliza."

"Ni kweli," Aikande alisema, analia. "Wewe ndiye uliyeniuliza. Siridhii."

Kijiko kilianguka. Alikisikia kikianguka sakafuni, na hakukiona. Taa ilitikisika. Na Penina, mapajani mwake, alivuta pumzi ndefu kama mtu anayetolewa ndani ya maji, akafungua mdomo, akalia.

Alilia kilio ambacho Aikande hajawahi kukisikia kabla wala baada. Maumivu ya siku zile zote yalimrudia kwa mkupuo, mguu ukavimba mbele ya macho ya mama yake, ngozi ikang'aa, na akina mama wote wakaamka, na watoto wote wakaanza kulia, na katikati ya kelele hizo Penina akamshika mama yake shingoni kwa nguvu asizokuwa nazo na kupiga kelele, "Mama! Mama!" Aikande akamkumbatia, akamwambia lia, mwanangu, lia, na wenzake wakadhani amerukwa na akili.

Manase alikuja mbio bila viatu. Alisimama mlangoni akauona ule mguu. Yeye mwenye machela ukutani aliuona, akamsikia yule mtoto wa kaka yake akilia vile, na uso wake ukakunjamana kama karatasi. Akauliza daktari analala wapi.

"Shemeji," alisema akirudi, akihema, na Kandida nyuma yake na taa. "Nitasema ndiyo. Nitamweleza mama mwenyewe." Halafu, kama mtu anayejifunza neno jipya, akauliza, "Na wewe? Umeridhia?"

Alfajiri ile walimpasua Penina.

Alipona polepole, kwa uchungu, kama wanavyopona watoto. Alitema dawa. Alimng'ata Kandida kidole. Alilia kila kitambaa cha kidonda kilipobadilishwa, na Aikande aliyapokea hayo yote kama zawadi. Bado jioni alisimama barazani na kutazama mabati ya Kaloleni, na bado upweke ulikuwepo, palepale ulipokuwa. Ila sasa aliujua kuwa ni wake, hakutaka mtu auondoe.

Kabla arobaini ya Selemani haijafika, Mwanahalima alipanda mlima kuja kuchukua blanketi lililosahauliwa. Alikuwa amekonda. Hakumwita Aikande mwalimu. Alikaa pembeni ya kitanda, akamlisha Penina ndizi mbivu, na alipokuwa anaaga akamshika Aikande mkono.

"Mdogo wangu, wewe ulikuwa jirani yangu. Usiku ule nililala kama maiti, sikusikia kitu. Kuna lolote ulilolisikia? Aliniita?"

Aikande alimwona Kandida ng'ambo ya wodi amesimama, shuka mikononi, hasogei.

"Hapana, dada," alisema. "Hakukuita. Alilala tu."

Mwanahalima akatikisa kichwa, akamshukuru, akashuka.

Baadaye Kandida alimwita Aikande kwenye chumba cha vyombo. Alimwambia kuna mambo ambayo mama hawezi kuyajua na kuendelea kuishi, na lile "ndiyo, nesi" ni mojawapo. Halafu akasema la pili. Kama habari hii itashuka mjini, kama itafika Kaloleni na Sakina na Kikwe, hakuna mama atakayeleta mtoto hapa tena, watawafungia nyumbani na vifua vyao na mifupa yao, na watakaokufa huko watakuwa wengi kuliko wale ambao yule wa msituni angewapata.

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka pale waliona kitanda cha dirishani, kile cha Selemani. Mama mwingine alikuwa ameletwa mchana, msichana wa Kimaasai anayeitwa Namnyaki, mdogo kuliko Aikande, na kichanga chenye homa. Alikuwa ametembea tangu jana. Nesi wa zamu alikuwa anamwuliza kitu, na msichana, macho yakifumba, alikuwa anaitikia kila swali kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo.

"Na huyu?" Aikande aliuliza.

"Huyu nitamfundisha kuonja."

"Asipoamka je?"

Kandida aliinama juu ya beseni, akaosha kijiko, akakisuuza, akakiosha tena. Ukingoni mwa beseni sisimizi mmoja alikuwa anazunguka, anatafuta.

"Niahidi," alisema.

Aikande alimtazama yule msichana mpaka kichwa chake kilipoangukia kwenye godoro. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa anamwita, anaumwa, anataka maji.

"Sitamwambia mtu mwingine," alisema.